Tarehe ya Mwisho Ihesabu Kutoka Nyuma

Kila mwaka, dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapokaribia kufungwa, maduka ya steshenari hujaa vijana. Mmoja ana fomu iliyojazwa vizuri lakini haina muhuri wa serikali ya mtaa. Mwingine muhuri anao, ila mdhamini yuko safarini na kitambulisho chake hakijapatikana. Wa tatu kakamilisha yote, isipokuwa cheti cha kuzaliwa ambacho RITA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, haijamaliza kukihakiki. Wote waliijua tarehe ya mwisho tangu tangazo lilipotoka. Si wavivu hawa; wengi wamefaulu vizuri kidato cha sita. Walichokosa ni hesabu.

Waingereza husema mtu kafanya jambo saa ya kumi na moja, wakimaanisha muda ulikuwa umebaki kiduchu. Usemi huo unahusishwa na mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo, sura ya 20. Saa zilihesabiwa tangu kuchomoza jua, kama tunavyohesabu sisi, kwa hiyo saa kumi na moja ni jioni na siku ya kazi inakwisha. Walioajiriwa saa hiyo walilipwa dinari moja, sawasawa na walioanza alfajiri. Wengi tunakumbuka malipo hayo na kusahau mambo mawili: vibarua wale hawakuchelewa kwa kupenda, maana walikuwa sokoni wakingoja wa kuwaajiri, na mwenye shamba aliwalipa kwa ukarimu wake. Mfumo wa kompyuta hauna ukarimu. Muda ukiisha unajifunga, uwe umebakiza ukurasa mmoja au kumi.

Jambo ninalotaka ulishike ni hili: tarehe iliyo kwenye tangazo ni ya ofisi, ni siku yake ya kuacha kupokea. Siku yako ni nyingine, na hakuna atakayekuandikia. Unaihesabu mwenyewe, ukianzia mwisho na kurudi nyuma hadi leo.

Kwa nini hata watu makini huchelewa

Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya anapopanga: tukikadiria muda wa kazi, tunaiwaza ikienda sawa, hatukumbuki kazi kama hiyo ilivyotusumbua huko nyuma. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walilipima kosa hilo kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Waliulizwa watamaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani wakasema 34 hivi. Na kila kitu kikienda mrama je? Wakasema 49 hivi. Walimaliza kwa siku zipatazo 55. Hata walipojaribu kuwaza mabaya, hawakuyawaza ya kutosha.

Sababu ya pili ni ya moyoni. Jambo linalotutia wasiwasi tunalisogeza mbele ili wasiwasi utulie kwa leo. Mwaka 1997 Dianne Tice na Roy Baumeister walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa Marekani kwa muhula. Mwanzoni, wenye tabia ya kuahirisha walikuwa na msongo mdogo na maradhi machache kuliko wenzao. Mwisho wa muhula mambo yaligeuka: msongo ulizidi, waliugua zaidi, na alama zao zilikuwa chini. Wahenga walishaliona hilo: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kwa hiyo kujikaripia hakusaidii. Anayejiita mvivu kila siku huzidi kuichukia kazi na kuikwepa. Kinachosaidia ni kubadili namna ya kuhesabu, na kuifanya hatua ya kwanza iwe ndogo kiasi cha kutotisha. Mbinu zifuatazo zinafuata mfano wa maombi ya mkopo wa chuo Tanzania, kwa sababu jambo hilo hupitia mikono mingi na kukosea kwake hugharimu mwaka mzima. Lakini zinafaa kwa kiwanja, safari, arusi na zabuni vilevile.

1. Orodhesha mikono

Chukua karatasi. Usianze na orodha ya kazi. Andika watu na ofisi ambazo jambo lako litapitia. Kwa mwombaji wa mkopo, mikono ni mingi kuliko anavyodhani: yeye mwenyewe, RITA inayohakiki cheti cha kuzaliwa (kwa aliyezaliwa Zanzibar, wakala wa usajili wa huko), mdhamini wa kutia sahihi na kutoa picha na kitambulisho, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, kamishna wa viapo (kwa kawaida wakili), mtoa huduma ya malipo, na mfumo wa Bodi ya Mikopo wenyewe. Aliyefiwa na mzazi anaongeza cheti cha kifo, nacho huhakikiwa.

Katika orodha hiyo, mkono ulio chini ya amri yako ni mmoja tu. Iliyobaki ina ratiba zake. Kwa kila mmoja jiulize: Anapatikana siku zipi? Anataka nimkabidhi nini ndipo anihudumie? Akikosekana, nani anakaimu? Majibu yaandike pembeni ya jina lake. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa na shughuli zake mchana na akapatikana jioni tu. Wakili atataka kuona kitambulisho halisi kabla ya kugonga muhuri. Ukiyajua haya mapema, safari tatu zinakuwa moja.

Hapohapo kagua majina. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho, uyasome majina herufi kwa herufi. Athumani kwenye cheti kimoja na Athuman kwenye kingine. Zuhura hapa na Zuhra pale. Jina la babu lipo huku na kule halipo. Nyumbani hakuna anayejali tofauti hiyo, lakini mfumo unaweza kuwaona hao kuwa watu wawili. Kusahihisha kunaweza kuhitaji hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, nazo zina mikono yake. Hitilafu hii ikigunduliwa Mei, unayo nafasi ya kuirekebisha kwa utulivu. Ikigunduliwa siku mbili kabla ya kufungwa, huenda mwaka ukawa umekwenda.

2. Tenga siku zisizoharakishwa

Kuna muda unaoweza kuupunguza kwa juhudi: badala ya kuandika kwa siku tano, unakesha na kumaliza kwa mbili. Kuna muda mwingine ambao juhudi, fedha wala kujuana haviupunguzi. Uzungushie duara la wino mwekundu.

Chanjo ya homa ya manjano ni mfano mzuri. Kwa kanuni za afya za kimataifa, cheti chake huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchanjwa kwa mara ya kwanza. Anayechanjwa Jumatatu ili asafiri Alhamisi kwenda nchi inayodai cheti hicho amefanya jambo jema kwa afya yake, lakini uwanjani anaweza kuzuiwa. Faraja ni kwamba tangu 2016 cheti hicho hutambulika maisha yote ya mchanjwaji. Mwenye fununu tu ya safari anaweza kuchanjwa leo, na jambo likawa limekwisha.

Pasipoti nayo ina mtego wake. Nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi 6 zaidi ya tarehe ya safari. Pasipoti inayokwisha Desemba, kwa safari ya namna hiyo, hesabu kwamba imekwisha Juni. Andika tarehe hiyo ya ndani kwenye kalenda yako, wala si ile iliyochapwa kwenye kijitabu.

3. Hesabu kutoka mwisho kurudi leo

Sasa shika kalenda. Tuseme dirisha linafungwa 31 Agosti. Tarehe hubadilika mwaka hadi mwaka, na mwongozo wa mwaka husika ndio wa kufuatwa. Hapa tunajifunza namna ya kuhesabu tu.

Tarehe 31 Agosti, ofisi inafunga. Iandike chini kabisa.

Tarehe 17 Agosti, unatuma. Wiki mbili zilizobaki ni za mtandao kusumbua, nyaraka iliyopigwa skani ikatoka na ukungu, au ukurasa uliosahaulika.

Tarehe 10 Agosti, sahihi na mihuri yote iko mkononi. Kumbuka tarehe 8 ni Nane Nane na ofisi hazifunguliwi, kwa hiyo kazi ya mihuri inaanza wiki ya mwisho ya Julai.

Tarehe 25 Julai, fomu imejazwa, imechapishwa na kukaguliwa na mtu mwingine, na mdhamini ameshatia sahihi. Ukipita Julai, ona Saba Saba ilipoangukia.

Tarehe 15 Julai, uhakiki wa vyeti umekamilika.

Mwanzoni mwa Juni, maombi ya uhakiki yametumwa. Mei, majina yamekaguliwa.

Tazama kilichotokea. Jambo lililoonekana la Agosti limekuwa la Mei. Hakuna aliyekuharakisha, ni hesabu iliyokuonyesha ukweli uliokuwepo tangu mwanzo. Ukimaliza, rudia zoezi na kila hatua iliyo mikononi mwa mwingine uiongezee nusu ya muda ulioipangia. Wanafunzi wale wa Kanada wametufunza kwamba makadirio yetu ya kwanza huwa mafupi.

4. Anza na kilicho polepole

Tukipata jambo refu, mkono hukimbilia kilicho rahisi: kununua faili, kupiga picha za pasipoti, kujaza sehemu ya jina na anwani. Hayo hutupa hisia kwamba tumeanza. Lakini kujaza fomu ni kazi ya jioni moja, na hakukwamishwi na mtu. Uhakiki wa cheti, barua ya mwajiri au sahihi ya mzee aliyeko kijijini ndivyo vya kutangulia, kwa sababu ukishavituma vinaendelea wakati wewe umelala.

Kenya inatoa mfano unaojirudia kila mwaka. Ritani ya kodi ya mwaka uliopita hutakiwa ifike kufikia 30 Juni, na mlipa kodi ana miezi sita ya kuiwasilisha. Kwa aliyeajiriwa, kinachohitaji mkono wa mwingine ni fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, kutoka kwa mwajiri. Anayeidai Januari au Februari, ofisi ya uhasibu ikiwa na nafasi, huimaliza kazi nyumbani kwa utulivu. Anayeikumbuka wiki ya mwisho ya Juni huidai pamoja na wenzake wote, kisha huingia kwenye mfumo uliojaa watu, na akikosa tarehe faini inamngoja.

Kanuni ya kukariri: kila asubuhi jiulize ni kipi leo kinategemea mtu mwingine, ukifanye kabla ya kile kinachokutegemea wewe.

5. Ipe kazi saa, mahali na shahidi

"Wiki hii nitashughulikia" ni ahadi isiyo na miguu. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ametumia miaka mingi kuchunguza tofauti kati ya kukusudia na kutenda, na alichokionyesha ni chepesi kukitumia: anayeamua mapema saa, mahali na tendo lenyewe hutimiza zaidi kuliko anayekusudia tu. Sentensi yake ina sehemu mbili, tukio na tendo. Kwa mfano: "Jumanne nikishamwacha mtoto shuleni, nitapitia ofisi ya mtaa kabla ya kwenda dukani." Iandike hivyohivyo. Siku hiyo ikifika huna haja ya kujishauri. Mlango wa shule ndio unaokukumbusha.

Kisha igawe kazi kubwa katika vituo. Mwaka 2002 Dan Ariely na Klaus Wertenbroch walichapisha jaribio ambamo washiriki walipewa maandiko matatu ya kusahihisha. Baadhi waliwekewa tarehe ya kila andiko kwa nafasi sawa, wengine wakajipangia wenyewe, wengine wakapewa tarehe moja ya mwisho kwa yote. Waliofanya vizuri zaidi ni wale wa tarehe zilizogawanywa sawa. Waliofanya vibaya zaidi ni wale waliopewa uhuru wote hadi siku ya mwisho. Uhuru ule tunaoupenda ndio uliowaangusha.

Kwa kuwa tarehe tunazojiwekea ni rahisi kuzivunja, tafuta shahidi. Mkabidhi dada yako, mwalimu wako wa zamani au mwenzako wa kikundi ratiba yako, umwombe akuulize siku hiyo, si kabla wala baada. Mzazi mwenye mwanafunzi anaweza kubeba wajibu huu bila ugomvi. Badala ya kuuliza kila siku "umefikia wapi?", aulize mara moja, siku ya kituo: "Leo ni tarehe 15. Uhakiki umerudi?" Swali moja lenye tarehe lina nguvu kuliko lawama kumi.

6. Tofautisha kumaliza na kufikisha

Wengi huamini wamemaliza kwa sababu fomu imejaa. Jambo limemalizika pale upande wa pili unapothibitisha kwamba umepokea. Kabla ya kutuma, fungua kila nyaraka uliyopakia uisome kwenye skrini: muhuri unasomeka? Kurasa zote zipo? Faili ni la kwako, au ni la aliyekutangulia kwenye kompyuta ya dukani? Baada ya kutuma, hifadhi risiti, namba ya kumbukumbu ya malipo, na picha ya ukurasa unaoonyesha kwamba maombi yamepokelewa. Viweke mahali pawili, kwenye simu na kwenye barua pepe. Nywila yako ibaki kwako. Ukijaziwa na mhudumu wa steshenari, hakikisha namba ya simu na barua pepe zilizoandikwa ni zako, kwa sababu taarifa zitakuja huko.

7. Mambo yasiyo na tarehe yape tarehe

Jambo lenye siku ya mwisho angalau lina king'ora. Hatari kubwa zaidi iko kwenye yasiyo na siku: wosia, kupima shinikizo la damu, hati ya kiwanja kilichonunuliwa kwa maandishi ya mkono, paa linalovuja. Haya hufanywa kwa mtindo wa zimamoto, maji yakiwa yameshafika shingoni.

Yafunge kwenye majira yanayorudi yenyewe. Paa lichunguzwe Januari, kabla masika ya Machi hayajawafanya mafundi watafutwe kila kona. Afya ipimwe mwezi wa kuzaliwa kwako. Nyaraka za familia zitolewe zote mezani mara moja kwa mwaka, wakati watu wamekusanyika nyumbani kwa Idi au Krismasi, na kila inayokaribia kuisha muda iandikwe kwenye kalenda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo mara nyingi huwaangukia waliobaki, wajane na watoto wanaohangaika na mirathi kwa sababu karatasi moja haikuandikwa.

Ukiwa umeshafika dakika za lala salama

Huenda unasoma haya ukiwa na siku mbili tu. Usikate tamaa, ila badili mpangilio.

Kwanza, thibitisha saa kamili ya kufungwa, na kama ni lazima nyaraka ifike au inatosha iwe imetumwa. Pili, fanya kinachokuingiza ndani. Baadhi ya taasisi huwapa waliotuma muda wa kurekebisha kasoro, lakini aliyebaki nje hana cha kurekebisha. Tatu, gawa kazi: mmoja aende kwa wakili, mwingine amfuate mdhamini, wewe ubaki na fomu. Nne, tumia alfajiri. Saa kumi usiku watu wengi wamelala na mtandao huwa na nafasi. Tano, sema kweli ofisini. Mtumishi anayeelezwa kwa heshima "nimechelewa, naomba unielekeze" mara nyingi huonyesha njia. Na kamwe usitie sahihi ya mtu mwingine wala kutafuta muhuri wa mtaani. Kuchelewa hukugharimu mwaka. Kughushi kunaweza kukugharimu jina na kukufikisha mahakamani. Usitegemee pia kwamba muda utaongezwa. Ukiongezwa, shukuru, lakini mpango usiujenge juu ya jambo ambalo hujaahidiwa.

Nalihimiza jambo hili kwa sababu gharama ya dakika ya mwisho haigawanywi sawa. Mwenye fedha anaweza kupanda ndege kumfuata mdhamini au kumlipa wakili afungue ofisi Jumapili. Mtoto wa mkulima hana njia hizo. Alicho nacho ni muda, na muda huo huanza kumponyoka siku tangazo linapotoka. Kwake yeye, kuhesabu kutoka nyuma ndiko kunakomweka sawa na mwenzake.

Kwa hiyo usiku wa leo, kabla hujalala, chagua jambo moja lenye tarehe. Andika mikono litakayopitia, tafuta ulio mzito kuliko yote, kisha andika utamwona nani, wapi, saa ngapi kesho. Na kesho uanze na huyo.